Jinsi ya Kufuatilia Fainali ya Tenisi Inayokwenda Seti Tano: Mwongozo Kamili kwa Shabiki

Fainali ya wanaume kwenye mashindano makubwa manne ya tenisi (Australian Open ya Melbourne, Roland Garros ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York) huchezwa kwa seti tano, na anayetangulia kushinda seti tatu ndiye bingwa. Pointi hujenga gemu, na gemu hujenga seti. Haina dakika tisini wala kipenga cha mwisho. Inaweza kwisha kwa saa moja na nusu, na inaweza kufika saa tano na dakika 53, kama Australian Open ya 2012, Djokovic alipomshinda Nadal 5–7, 6–4, 6–2, 6–7, 7–5. Shabiki aliyejipanga kwa saa mbili huishiwa bando, chaji na subira katikati ya seti ya nne, yaani pale pale utamu unapoanza.

Kufika mwisho si kazi kubwa. Kazi ni kujua mahali pa kutazama, kwa sababu pointi za tenisi hazilingani uzito. Roland Garros 2025 Sinner alipata pointi 193 na Alcaraz 192, kombe likaenda kwa Alcaraz. Wimbledon 2019 pengo lilikuwa kubwa zaidi: Federer pointi 218, Djokovic 204, na bingwa akawa Djokovic. Anayehesabu pointi tu hawezi kueleza fainali hizo ziliamuliwa wapi.

Kabla ya mechi: saa, bando na chaji

Ratiba huandikwa kwa saa za mji wa mashindano. 15:00 ya Paris ni saa tisa alasiri ya huko, si ya kwako. Igeuze kwanza iwe UTC (saa ya pamoja ya dunia), kisha ongeza au punguza tofauti ya unakoishi. Melbourne mwishoni mwa Januari iko mbele ya UTC kwa saa 11, Paris mwezi Juni kwa saa 2, London mwezi Julai kwa saa 1, na New York mwezi Septemba iko nyuma kwa saa 4. Wengi hukosea kwa kutumia tofauti waliyoikariri miezi mingine, wakati miji yote minne husogeza saa kufuata majira. Ukishapata saa yako, jua kwamba pointi ya kwanza haipigwi dakika hiyo. Wachezaji huingia, sarafu inarushwa, kisha wanapasha misuli kwa dakika tano.

Bando lipangie saa sita, usilipangie tatu. Video inayokwenda kwa megabiti 5 kwa sekunde hula takriban GB 2.25 kwa saa, hivyo saa tano ni zaidi ya GB 11. Ukiishusha hadi megabiti 1.5, saa moja ni kama MB 675 na saa tano ni GB 3.4 hivi. Sauti ya redio kwa kilobiti 64 ni MB 29 tu kwa saa. Programu nyingi zikiachiwa zijichagulie ubora zitapanda hadi juu kadiri mtandao unavyoruhusu, kwa hiyo weka ubora kwa mkono kabla mechi haijaanza. Bando likiwa dogo, ni heri picha ya wastani kwa mechi nzima kuliko picha safi itakayokatika mkiwa seti mbili kwa mbili. Ila usiishushe mno: mpira wa tenisi ni mdogo na una kasi, na picha ikififia unabaki kutazama watu wawili wakikimbizana na hewa. Hapo afadhali redio.

Simu iwe imejaa chaji na chaja iwe karibu. Mengine ya kawaida unayajua.

Chagua saa moja ya kufuata

Kosa linaloharibu fainali nyingi ni kufuata vyanzo viwili vyenye mwendo tofauti. Mwamuzi wa kiti huingiza kila pointi kwenye kifaa chake papo hapo, na matokeo hayo huifikia programu ya simu ndani ya sekunde chache. Picha ya intaneti hupitia hatua nyingi zaidi na inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Matokeo yake, simu inatetema na kukuambia "breki", yaani gemu imechukuliwa na anayepokea mpira, huku kwenye kioo mchezaji bado anadundisha mpira.

Amua mapema. Ukifuata picha, zima arifa zote za michezo na za makundi ya marafiki, kisha laza simu kifudifudi. Mkitazama kwa pamoja, anayeshika programu ya matokeo akae kimya au akae chumba kingine. Ukipenda sauti ya redio juu ya picha ya televisheni, redio ndiyo itakayotangulia. Isimamishe kwenye programu inayoruhusu kusimamisha, ngoja sevu moja (pigo la kuanzisha pointi) ionekane kwenye picha, kisha iachie wakati mtangazaji anapoitaja sevu ile ile. Kulinganisha huko kunaharibika kila mtandao unapoyumba, hivyo rudia wachezaji wanapobadilishana pande.

Daftari: karatasi moja inatosha

Programu hukupa matokeo, lakini haikuonyeshi mkondo wa mechi. Kuandika mwenyewe kunakulazimisha kutazama, na saa ya tatu ikifika ndiko kunakokuzuia kusinzia.

Kwa kila gemu chora mstari mmoja mlalo. Pointi za mpigaji sevu ziandike juu ya mstari, za mpokeaji chini yake, kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi nne zinatosha: *e* kwa esi, yaani sevu isiyoguswa, *k* kwa makosa mawili ya sevu, *p* kwa pigo la ushindi, *h* kwa kosa la hovyo. Pointi isiyoingia popote iwe nukta. Kila mpokeaji anapobakiza pointi moja apate breki, zungushia duara pointi inayofuata.

Ndani ya gemu pointi huhesabiwa 15, 30, 40, na namba ya mpigaji sevu hutangulia. Chukua gemu hii, mpigaji sevu akiwa nyuma kwa gemu 3–4. Chini *k*: 0–15. Juu *e*: 15–15. Chini *h*: 15–30. Chini *p*: 15–40. Sasa duara linaanza. Juu nukta ndani ya duara: 30–40. Juu *e* ndani ya duara: diusi, yaani 40–40. Chini nukta: advanteji ya mpokeaji, yaani yuko mbele kwa pointi moja baada ya diusi. Juu *p* ndani ya duara: diusi tena. Juu nukta, juu nukta: gemu imekwisha, 4–4. Ubao utaonyesha 4–4 na basi. Daftari lako linaonyesha pointi kumi, maduara matatu yote juu ya mstari, na esi moja iliyotoka wakati wa shida. Ukigeuza ukurasa baadaye utaona haraka ni nani anayesakama na ni nani anayejinasua.

Zipe gemu namba mfululizo kwa mechi nzima, usianze moja upya kwa kila seti. Taibreka, yaani gemu maalumu ya kuamua seti iliyofika 6–6, ihesabu kama gemu moja. Hapo unapata faida mbili ambazo mashabiki wengi hawazijui.

Ya kwanza ni zamu za sevu. Zamu hazikatiki kati ya seti na seti, kwa hiyo gemu zote za witiri ni za aliyeanza mechi, na za shufwa ni za mwenzake. Roland Garros 2025 seti nne za kwanza zilikuwa na gemu 10, 13, 10 na 13. Jumla 46, hivyo gemu ya 47, ya kwanza kwenye seti ya tano, ilirudi kwa Sinner aliyeanza mechi. Ukipotea, hesabu tu.

Ya pili ni mipira mipya. Mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo, kisha kila baada ya gemu 9, kwa sababu ule muda wa kupasha misuli huhesabiwa kama gemu mbili. Mipira mipya inakuja gemu ya 8, 17, 26, 35, 44 na 53. Zipigie mstari mapema. Zamu ikiangukia taibreka, mabadiliko husogezwa hadi gemu ya pili ya seti inayofuata, na programu nyingi hazikuambii. Mpira mpya una kasi na huruka zaidi. Uliochakaa huvimba manyoya na kupungua mwendo, na kwenye udongo hubeba vumbi na unyevu ukawa mzito. Mpigaji sevu mzuri huutumia mpira mpya kumaliza gemu upesi. Akibanwa hadi diusi akiwa na mipira mipya, andika alama ya mshangao pembeni: kuna jambo.

Ukirudi katikati: kusoma ubao

Umetoka, umerudi, ubao unasema 4–6, 6–7(4), 6–4, 3–5. Namba ya kwanza ni ya mchezaji aliyeandikwa juu. Kwenye mabano huwekwa pointi za aliyeshindwa taibreka. (4) maana yake 7–4. (8) maana yake 10–8, kwa sababu mshindi lazima afike 7 na aachane na mwenzake kwa pointi mbili.

Seti ya tano ina kanuni yake. Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa hutumia taibreka ya pointi 10 wachezaji wakifika 6–6, bado kwa tofauti ya pointi mbili. Ukisoma fainali za zamani usishangae. Wimbledon 2008 seti ya tano iliisha 9–7 kwa sababu hapakuwa na taibreka kabisa, na ya 2019 ilikwenda hadi 12–12 ndipo taibreka ikachezwa, Djokovic akashinda 13–12.

Kukadiria muda uliobaki

Andika dakika mechi ilipoanza. Mwisho wa kila seti, gawanya dakika zilizopita kwa idadi ya gemu. Fainali ya Melbourne ya 2012 ilikuwa na gemu 55 kwa dakika 353, yaani dakika 6.4 kwa gemu. Paris 2025 gemu 59 kwa dakika 329, yaani 5.6. Wimbledon 2019 gemu 68 kwa dakika 297, chini kidogo ya 4.4.

Utaambiwa siri ni nyasi. Si kweli kila mara. Wimbledon 2023, kwenye nyasi zile zile, Alcaraz na Djokovic walicheza gemu 46 kwa dakika 282, zaidi ya dakika 6 kwa gemu, na gemu moja ya seti ya tatu peke yake ilichukua takriban dakika 26 ikiwa na diusi 13. Kasi ya siku husika ndiyo kipimo, si aina ya uwanja.

Mfano: seti ni 1–1, gemu 23 zimechezwa kwa dakika 130, wastani 5.65. Zikibaki seti mbili za gemu 10, ni kama dakika 113. Zikibaki tatu za gemu 12, ni kama dakika 203. Basi una kati ya saa mbili kasoro na saa tatu na nusu kasoro. Mtu akikuuliza utamaliza lini, mpe jibu la pili.

Kutoka nje kuna wakati wake. Wachezaji hubadilishana pande kila baada ya gemu ya witiri ya seti na kupumzika sekunde 90, ila baada ya gemu ya kwanza ya seti hupita tu bila kukaa. Wengi hunyanyuka hapo na kukosa gemu ya pili. Seti ikiisha ni sekunde 120, na mchezaji akienda chooni unapata dakika kadhaa zaidi. Usiondoke kwenye 4–4 au 5–4 hata kama umebanwa namna gani.

Pointi zenye uzito, na macho yaende wapi

Mpigaji sevu ndiye mwenye mali. Anatarajiwa kuilinda gemu yake. Akiilinda kwa 40–0, hakuna kilichobadilika, unaweza kupumua. Anza kuinua shingo ifikapo 0–30 au 15–30. Ikiwa 30–30, ichukulie kama diusi, kwa sababu kihesabu ni kitu kimoja: yeyote anahitaji kuongoza kwa pointi mbili.

Tazama sevu ya pili kuliko ya kwanza. Hapo angalia miguu ya mpokeaji kabla mpira haujarushwa. Akisogea ndani ya mstari wa nyuma, ameinusa hofu. Akirudi mbali nyuma, anataka rali ndefu, yaani kurudishiana mpira mara nyingi.

Angalia pia upande. Jumla ya pointi za gemu ikiwa shufwa, sevu hupigwa upande wa kulia. Ikiwa witiri, upande wa kushoto. 30–40 na advanteji zote ni upande wa kushoto. Mchezaji wa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa Nadal, anapata faida hapo, kwa sababu sevu yake ya kukata humvuta mpokeaji wa mkono wa kulia nje kabisa ya uwanja, upande wa mkono wake wa nyuma. Shabiki anayelijua hilo haoni ajabu jinsi pointi za breki zinavyoyeyuka.

Kisha kuna pointi ya ubingwa, na hapa usitangaze mshindi. Paris 2025 Sinner aliongoza seti mbili kwa moja na 5–3 kwenye seti ya nne, Alcaraz akipiga sevu akiwa 0–40. Pointi tatu za ubingwa, zote zikaokolewa. Wimbledon 2019 Federer alikuwa 8–7 na 40–15 kwa sevu yake mwenyewe, akakosa zote mbili. Usisherehekee mapema, usizime mapema, na usimtumie rafiki ujumbe wa pongezi.

Kwenye taibreka anayeanza hupiga sevu moja, halafu kila mmoja hupiga mbili mbili, na pande hubadilishwa kila baada ya pointi sita. Usitazame nani anaongoza. Tazama nani ameshinda pointi kwenye sevu ya mwenzake. 3–2 bila kupokonyana bado ni sare. Alcaraz alipofika 7–0 kwenye taibreka ya mwisho ya 2025, alikuwa ameshinda pointi zote kwenye sevu za pande zote mbili, na ikaisha 10–2.

Seti ya tano: kusoma miili

Baada ya saa nne mbinu hupungua na mwili hutawala. Mchezaji aliyechoka hutumia karibu sekunde zote 25 za saa ya sevu, hujaribu dropshoti (pigo laini la kudondosha mpira karibu na wavu) mapema kwenye rali, na mipira yake hutua karibu na mstari wa sevu badala ya mstari wa nyuma. Sevu ya kwanza ikipungua kasi lakini bado inaingia, huenda anabana matumizi kwa makusudi. Ikipungua kasi na kuanza kugonga wavu, miguu imekwisha.

Misuli ikikaza, kanuni ni kali. Daktari anaweza kuitwa kwa dakika tatu kwa ajili ya jeraha, lakini si kwa kukaza kwa misuli. Hiyo hutibiwa wakati wa kubadilishana pande au seti inapoisha tu. Ndiyo maana utamwona mchezaji akichechemea gemu nzima bila msaada.

Aliyeanza kupiga sevu seti ya tano ana nafuu ndogo: akiongoza 5–4, mwenzake anapiga sevu ili abaki hai. Hata hivyo breki moja haitoshi kufunga hesabu. Nadal aliongoza 4–2 seti ya tano mwaka 2012 akafungwa 7–5. Alcaraz naye alikuwa na 5–4 na sevu mkononi mwaka 2025, akapokonywa.

Yanayoharibika

Mvua kwanza. Viwanja vikuu vya mashindano yote manne sasa vina paa, cha Paris kikiwa cha mwisho, mwaka 2020. Paa likifungwa upepo hukoma, sauti ya mpira hubadilika na wapiga sevu wakali hunufaika. Wimbledon ina kikomo: mchezo husimama saa tano usiku. Fainali ya 2008 ilichezwa mwaka mmoja kabla ya paa. Ilikatizwa na mvua na ikaisha saa tatu na dakika 16 usiku huku giza likiingia.

Ubishi wa mistari: Melbourne, New York na, tangu 2025, Wimbledon hutumia kamera badala ya waamuzi wa mistari. Paris 2025 bado walikuwepo watu, na mwamuzi wa kiti hushuka kutazama alama kwenye udongo. Mchoro wa kompyuta unaouona kwenye televisheni wakati huo si uamuzi rasmi, usiutumie kugombana na mtu.

Picha ikikwama kwenye pointi kubwa, usifunge programu ukaingia upya; utapitia tangazo la biashara. Shusha ubora kwanza, kisha ngoja sekunde kumi.

Mwisho ni kurekodi. Kirekodi hufuata ratiba ya kituo, na ratiba hutenga saa tatu au nne, kwa hiyo rekodi na vipindi viwili vinavyofuata. Jumlisha na sherehe ya kombe, ambayo huchukua muda. Mwaka 2012 hotuba zilikuwa ndefu hadi Djokovic na Nadal wakaletewa viti. Ukitazama baadaye, ziba sehemu ya chini ya kioo kwa kipande cha karatasi, maana upau wa muda husema siri yote: ukiona umebakiwa na saa mbili wakati mmoja anaongoza seti mbili kwa sufuri na 5–2, umeshajua kilichotokea.